Jini la Mnara Lanuka Siki

Marehemu baba,

Mwezi uliopita nilivuka kwenda kile kisiwa ulikowasha taa ya kuongoza meli mpaka ukastaafu. Siku hizi taa inajiwasha yenyewe kwa umeme wa jua. Chini ya mnara wamesimamisha ubao wa historia. Wajenzi wamo, hata aina ya kioo imo. Wewe humo.

Kijana mmoja mtembeza watalii alikuwa akiwahadithia wageni juu ya jini la kike linalokaa ngazini na kumhesabia kila mtu hatua zake. Nikapandwa na hasira.

"Muongo! Jini hilo kalitunga baba yangu, awatishe wezi wa mafuta ya taa."

"Baba yako nani, Bi Mkubwa?"

"Mlinzi wa taa hii."

"Mbona ubaoni hayumo? Lete karatasi basi. Hapa kila anayekuja babu yake alikuwa mlinzi."

Wenzake wakacheka. Mimi niliyewafunga midomo maprofesa magazetini nikaishia kupekua mkoba usio na karatasi.

Unakumbuka ulivyonivua pete kabla ya kunipa kitambaa cha siki? "Kioo hiki hakisamehe mkwaruzo." Tukimaliza kusugua, ulifungua daftari ukaandika saa, upepo na mafuta, ukatia saini. Wezi walipogeuza mashua kwa woga, ulicheka mpaka ukakaa chini: "Wanaume wazima, wanamkimbia mwanamke ambaye hata mie sijamuona!"

Miaka baadaye, nikiwa mwandishi wa gazeti, nikaanza kuwaandama wakubwa waliokunyima likizo, nikakuomba madaftari yawe ushahidi. "Chukua, lakini yarudi. Hayo ndiyo mimi." Nikampa mhariri. Makala ikatoka, nikasifiwa, nikasahau. Gazeti likafa, karatasi zake zikatupwa. Uliniuliza mara mbili. Ya tatu hukuuliza.

Nimewaandikia wahusika waliongeze jina lako. Wamejibu kama yule kijana: leta ushahidi. Nimezoea kuwatukana watu wa ofisi, lakini safari hii wana haki. Nimetafuta kila pahala. Hakuna.

Siku ile nilipokuwa naondoka kisiwani, kijana akanifuata, kejeli zimemwisha.

"Bi Mkubwa, hilo jini baba yako alilisimuliaje?"

Nikamwambia halivai nyeupe kama asemavyo yeye. Lajulikana kwa harufu ya siki. Ukifika hapo kwenye hadithi ulikuwa ukinusa mikono yako mwenyewe, ukinikonyeza.

Akaandika: siki. Hicho tu ndicho nilichokuokolea, baba, na nimekitia ndani ya uongo.

Mwanao,
uliyemwamini ukampa madaftari