Moto Ulioupandisha Mlimani

Ifakara, 14 Juni 1909

Kwa Dada yangu Brigita,

Shikamoo, Dada. Shemeji Tadei anayekusomea, naye namsalimu. Mimi ni mzima, kikohozi cha masika kimeniacha. Wewe je? Mtoto anacheza tumboni?

Dionisi, mchukuzi wa chumvi, ameniambia bado unashuka korongoni kutafuta magogo mazito, ili moto wa Mama usilale. Eti majirani wanakutania kwamba umezaa moto kabla ya mtoto. Akasema mwezi uliopita ulianguka na mzigo. Tangu hapo sina raha.

Nimekuwa mtu wa kuulizauliza watu wanawasha nini. Huku tunachoma matete, pumba za mpunga na miti inayoletwa na mto Lumemo. Huko kwenu mti gani hautoi moshi? Juzi nilipika kambale wawili, mmoja kwa moto wa kupekecha, mwingine kwa kiberiti, nikamwonjesha jirani yangu Mama Klementina. Akasema tofauti ameiona: mmoja nimemtia chumvi, mwingine nimesahau. Nilicheka, kisha nikakaa kuandika barua hii.

Shemeji, hapa soma polepole.

Dada, moto ule Mama aliupokea kwa Bibi. Mwaka wa vita, tulipojificha kwenye matete tukiwakimbia askari, aliubeba katika kigae, ukamwachia alama kifuani. Njaa ilipokuwa ikimchukua, alinikabidhi niulinde mpaka uje kuchukua makaa. Siku ya maziko nililia hadi nikasinzia. Nilipoamka, niliingiza mkono wote jivuni. Baridi. Nilikuwa na kiberiti nilichopewa na padre shuleni. Ulipofika adhuhuri, magogo yalikuwa yanawaka vizuri. Ulipiga magoti ukamshukuru Mama, nami nikanyamaza.

Moto wa Mama ulizimikia mikononi mwangu. Huo unaouvunjia mgongo ni wa kiberiti, na umri wake ni miaka miwili tu. Uache uzimike, Dada. Dionisi amebeba viberiti viwili vyako, nimevifunga kwenye jani la mgomba visiingie unyevu.

Najua utanikasirikia. Nikasirikie, lakini ukiwa umekaa, miguu umeinyoosha.

Wasalimie wote wa huko mlimani, na Mungu akujalie kujifungua salama.

Mimi mdogo wako,
Fridolin