Wageni wa Lanet

Lanet, Jumapili baada ya kanisa

Chesang mwanangu,

Sisi tunaendelea. Nyumba hii ya kupanga ina kila kitu ndani, hata vijiko, kwa hiyo vyetu bado viko kwenye magunia. Shamba la Gilgil lilitushinda, ng'ombe wa mwisho aliuzwa Jumanne, na fundi anasema nyumba yetu ya vyumba viwili itaisha Agosti. Ulitaka tuje kwako, babako akakataa: mtu halali kwa mkwe wake.

Lakini hapa anakaa kama mgeni. Anaketi ukingoni mwa kochi, kofia mkononi, na akimaliza chai anashukuru. Nilidhani ni mzaha wake. Leo tukitoka kanisani amekataa kuingia. "Mama Chesang, tumewasumbua hawa watu vya kutosha," ameniambia. "Twende nyumbani, ng'ombe hawajakamuliwa." Nimemsihi pale mlangoni saa nzima.

Nimechoka, Chesang. Mwambie mume wako tunakuja. Babako hatajua amelala kwa nani. Mimi nitajua, na nitanyamaza.

Ni mimi,
Mamako