Miguu ya Moraa Imevimba

Dada Kwamboka,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Sabato iliyopita, nje ya kanisa, niliona miguu ya Moraa imevimba hadi viatu havimwingii, na nikafurahi. Moraa ndiye mke ambaye mume wako alimwoa baada yako. Ana mimba ya miezi saba.

Mama mkwe wako alimshika mkono, akawaonyesha wanawake wenzake. "Tazameni mke wa mwanangu alivyonona. Kwangu hakuna anayekonda." Maneno yale yale aliyosema juu yako. Nikajiambia, mwache anone. Naye afe pia, ili watu wamkimbie yule mama.

Unakumbuka kliniki? Muuguzi alikupima mara mbili, akasema presha imepanda, uvimbe huo si unene, urudi kesho yake ulazwe. Mama mkwe wako alicheka. Chai imejaa shambani, alisema, na mke mwenye afya halali hospitalini. Akakuongezea mafuta ya kopo kwenye mboga. Mimi nilisimama mlangoni na kadi yako mkononi. Niliweza kuisoma. Nikanyamaza kwa aibu.

Siku ya nne kifafa cha mimba kikakushika, ukaenda na mtoto tumboni. Watu wa mume wako wakasema ni laana ya kwetu. Ya kwetu, dada.

Kabla sijamaliza shule, mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba mafuta hayafanani. Kuna asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, tunazipata kwenye samaki na karanga. Nilimuuliza kama samaki angekuokoa. Alisema hajui, wataalamu bado wanatafuta. Kilichojulikana kusaidia ni kulazwa. Na hilo yule mama aliambiwa.

Nimebadilisha kisasi changu. Moraa akifa, yule mama atalia kuliko wote na watu watampikia uji. Nataka Moraa aishi. Nataka kila asubuhi yule mama amwone akipita na mtoto mgongoni, ajue kwamba nawe ungepita hapo.

Jana nilimweleza Moraa yote kisimani. Alisema kichwa kinamuuma tangu juzi. Kesho tutaaga kwamba tunakwenda soko la Daraja Mbili kutafuta nguo za mtoto, kisha tupitilize hadi hospitali. Nakuahidi nitasema kwa sauti mpaka apewe kitanda.

Lala salama, dada yangu. Mpaka tufike, usimwambie yeyote, hata nyanya yetu huko mliko.

Mdogo wako