Tikiti Mbili, Si Mawili

Ijumaa. Baridi ya Kabiro, mtaa wetu hapa Kawangware, imeingia mpaka kwenye kikombe cha chai, na mimi nina furaha nisiyoiamini vizuri.

Kesho timu ya taifa inacheza. Tikiti zilifunguliwa mtandaoni juzi asubuhi, zikaisha kabla chai haijapoa. Kufikia mchana zilikuwa kwa mabroka wa hapa Kawangware, kwa bei inayokaribia kodi ya nyumba. Mimi, fundi viatu anayesahau neno la siri la simu yake mwenyewe, nilipata mbili. Binti yangu Nekesa alibonyeza. Mimi nilishika chaja.

Tikiti ya pili ni ya Mama Halima, Mnubi wa Kibera anayeuza matunda kando ya kibanda changu Soko la Toi. Zamani alikuwa analipa langoni, anaingia, anapiga kelele, anarudi nyumbani bila sauti. Siku hizi lango linataka simu ya kisasa, na yake ni kabambe, kile kisimu cha vitufe chenye tochi. Ndiyo maana aliniomba nimtafutie.

Juzi hiyohiyo nikamwandikia: "Nimepata tikiti mbili."

Akajibu: "Matikiti ninayo tele, Baba Nekesa. Tafuta mnunuzi mwingine."

Mtu wa Pwani angesikia "mbili" badala ya "mawili" akajua si matunda. Hapa Nairobi, za kuingilia na za kula, zote ni mbili.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha sikumjibu.

Hapo ndipo nilipojishangaa. Nilimwonyesha meseji hiyo jirani yangu Kevo, broka, tucheke pamoja. Hakucheka.

"Buda, na hizo magoti zako, utapanda ngazi za stedi kweli? Niachie zote mbili. Huyo mathe amesema mwenyewe hataki."

Hataki. Neno tamu hilo. Nilitembea nalo asubuhi ya leo mpaka Toi, na njiani kodi ya mwezi ujao ikawa imeshajilipa kichwani mwangu.

Juu ya mapapai ya Mama Halima kulikuwa na jezi iliyopauka, inadondosha maji. Akaniambia tikiti zikikosekana hatanuna, redio ipo.

"Nimeifua tu," akasema. "Zisije zikapatikana nikiwa mchafu."

Nikatoa simu. Akaitazama tikiti, akaisoma tena meseji yake, akanigeukia.

"Sasa wewe, mtu akimwandikia muuza matunda neno tikiti, aelewe nini?"

Akanikatia kipande kikubwa cha tikiti lile jingine, lisilohitaji simu, nikala nimesimama.

Kevo aliponiuliza jioni, nilimwambia zimeliwa.

Sasa nimekaa na chai iliyopoa, magoti yanauma kabla ya ngazi, na najiuliza: ni jezi ngapi zimefuliwa leo Kibera na hapa Kawangware, na wenyewe hawana binti wa kubonyeza?