Mteja Aliyetaka Taa Mbili

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini goti lako limeacha kukusumbua, na kwamba wifi bado anakukataza kubeba mitungi ya gesi kama kijana. Waambie watoto shangazi yao anawabusu. Yule mdogo aliyeng'oka meno ya mbele nimeiona picha yake, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Huku sote wazima wa mwili. Baba hajambo, anakula vizuri, kila asubuhi anatembea mpaka kituo cha basi na kurudi, na habari zake nitazifikia. Asiyeweza kujisifu ni mimi. Siumwi popote, ila roho iko juu juu, na barua hii nimeshaianza mara kadhaa nikaichana.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, kaka, na wewe ukinikatiza huwa naanza kukubaliana na kila unachosema. Kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukishafika mwisho, kasirika utakavyo.

Nianze na kazi. Lile duka la mapazia nimeacha. Nimefungua biashara yangu mwenyewe ya kupamba nyumba za watu kwa ndani: ukuta upakwe rangi gani, taa ining'inie wapi, kochi likae upande upi, kabati liende wapi. Usicheke. Pale dukani nilikuwa natumwa majumbani kupima madirisha, na kila nilipoingia macho yalikuwa yanakimbilia mambo mengine. Nilikuta kitanda ambacho mlango ukifunguliwa unampiga mlalaji kichwa. Nilikuta sebule ambayo wageni wanakaa wakimpa mgongo mwenye nyumba. Nami mdomo wangu unaujua, nikawa nasema. Mwenye duka akanionya kwamba nimetumwa kupima dirisha, sikutumwa kupima maisha ya watu. Lakini kuna nesi mmoja alinisikiliza, tukageuza chumba chake pamoja, akaniita tena, akamwambia na mwenzake. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimeyavulia maji nguo.

Tatizo ni kwamba sina cheti, na jambo hilo halinipi usingizi. Fundi wa kuchapa kadi za biashara aliponiuliza aandike nini chini ya jina langu, nilianza kupekua mkoba kama mtu aliyeulizwa umri wake. "Mbunifu wa mambo ya ndani" nikaiona kama nguo ya kuazima. Nikamwambia aandike "Mpangaji wa nyumba", akanitahadharisha kwamba watu watanipigia simu kudai kodi. Tukakubaliana "Mpambaji". Tangu hapo, mteja akifungua tu mdomo mimi nasikia "ulisomea wapi?" hata kama anaomba maji. Mama mmoja aliniuliza kweli, nikamjibu kwamba nilisomea dukani, akacheka akidhani ni mzaha, nami nikacheka naye huku kijasho chembamba kinanitoka.

Nisikufiche, nimekosea pia. Kuna saluni niliipaka kijani, rangi nzuri niliyoipenda sana dukani. Ukutani, jua lilipoingia, ule ukijani ukaruka ukawapata wateja usoni. Kila aliyekaa mbele ya kioo alijiona kama ametoka wodini. Mwenye saluni alinipigia simu akisema wateja wanasuka nusu kichwa halafu wanataka kwenda kupima malaria. Nilirudia kazi yote, na siku hizi sipaki ukuta kabla sijabandika kipande cha rangi na kukitazama tangu asubuhi mpaka jioni. Aliyesoma nadhani anafundishwa hilo wiki ya kwanza. Mimi nilifundishwa na kelele za saluni.

Baba naye, nilipomweleza kazi hii mara ya kwanza, alisema hajawahi kusikia mtu analipwa kwa kusogeza viti, kwani marehemu Mama alivisogeza miaka yote na hakumdai. Kisha akaniuliza cheti kiko wapi. Nilipomwambia hakuna, akarudi kwenye redio yake. Unamjua Baba akirudi kwenye redio.

Sasa nifike kwenye lililonikaa kooni. Nimepata kazi kubwa, kaka, nyumba nzima. Mteja ni mzee mmoja mgane. Jina lake nitakutajia, lakini nikikutajia sasa hivi utaiweka barua chini, na hakuna ninachokiogopa kama hicho. Wateja wengine huniita chumba kimoja kimoja, wakinionja. Huyu alikuja mwenyewe kwenye kile kichumba ninachokiita ofisi, amevaa koti, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema anataka nyumba yake ibadilike tangu mlango wa mbele mpaka jikoni. Hakuuliza cheti. Nilitamani aulize, maana angeuliza ningepata sababu ya kukataa.

Sikukataa. Nilikwenda na tepu yangu nikapima kila chumba, naye akinifuata nyuma, akishika ile ncha ya tepu kila nilipomwomba. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka hata namba nikaziandika vibaya, ikabidi nirudie kupima chumba cha kulala. Nikiwa peke yangu nilijiambia kwamba mtu aliyesomea asingetetemeka hivi. Angekuwa na utaratibu wake, angeingia kwenye nyumba ya mtu aliyefiwa kama daktari anavyoingia, afanye lililompeleka, anawe mikono, aondoke.

Nikachora. Nilichora vizuri, kaka, najisifu mwenyewe. Chumba cha kulala nilikifanya cha mzee mmoja anayependa utulivu: kitanda cha kumtosha, kabati jembamba la nguo ili apate nafasi ya kupita, kiti kimoja dirishani, taa moja ya kusomea karibu na mto. Sasa sikiliza kosa langu. Katika kazi hii kuna swali moja ambalo hata mimi nisiyesoma huliuliza kabla sijatoa tepu mfukoni, nalo ni nani anaishi humu. Kwa nesi niliuliza. Kwa mwenye saluni niliuliza. Kwa mzee huyu sikuuliza, kwa sababu nilidhani najua.

Nilipomwonyesha mchoro alivaa miwani akautazama kwa muda mrefu. Akasema kabati ni dogo. Nikamweleza kwamba nguo zake nimeziona, zinaenea. Akasema taa ziwe mbili, moja huku na moja kule. Mimi kwa ujuaji wangu nikaanza kumfundisha kwamba taa ya pili ni hasara, mtu mmoja halali pande mbili za kitanda. Akavua miwani, akaikunja taratibu, akaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba atalala peke yake.

Kaka, mteja huyo ni Baba. Nyumba ni yetu.

Tafadhali usiiweke barua chini. Yeye ndiye aliyetaka nimwite mteja, alisema tukiitana baba na mwana kazi haitafanyika, tutalia tu. Nilikubali nikidhani anataka kubadilisha nyumba kwa sababu upweke umemzidi. Sikujua kwamba anaoa. Nikakunja mchoro wangu nikamwambia atafute mtu aliyesomea, mimi siwezi. Akaniambia alishamtafuta. Alikuja kijana mwenye vyeti vyake, akazunguka nyumba, akasema vya zamani vyote vitoke. Baba alisema kijana hakuwa na kosa, kazi yake anaijua. Ila yeye alitaka mtu ambaye mkono utamtetemeka akifungua kabati la Mama.

Nimelifungua, kaka. Ndilo hili la kukuungamia, mengine yote yalikuwa ya kukuzungusha. Sijasahau ulivyosimama pale sebuleni siku ya msiba ukasema kitu cha Mama kisiguswe na mtu. Tangu siku hiyo, ukija kumsalimia Baba unakaa nje ngazini na kikombe chako cha chai mpaka unaondoka, na sote tunajitia hatuoni. Basi mimi nimevigusa. Nimezitoa nguo zake moja moja nikazikunja. Ile rangi ya sebule aliyoichagua mwenyewe na kumgombeza fundi kwa ajili yake, imefunikwa. Fundi rangi alikuwa tayari juu ya ngazi, akaniuliza kama aanze. Nikachukua brashi nikaanza mimi, ili kama kuna wa kulaumiwa nisimsingizie fundi. Nililia, naye akajifanya anakoroga rangi.

Huyo mama anayeolewa na Baba ni mjane, alikuwa mpishi wa hospitali, ni mrefu kuliko Baba na anacheka kwa sauti. Nilitaka kumchukia, nakwambia ukweli. Nilikwenda kwake na daftari langu kama ninavyokwenda kwa mteja yeyote, nikiwa nimeukaza uso. Safari hii niliuliza kila kitu. Anaamka saa ngapi, anapika amesimama au amekaa, anapenda mwanga au giza. Nikamwuliza huwa analala upande gani wa kitanda. Akaniuliza Mama alikuwa analala upande gani. Nikamwambia dirishani. Akasema basi yeye atalala upande wa ukuta, na kumhamishia Baba dirishani ni shauri lao wawili. Nilishindwa kuandika. Akaniondolea kalamu mkononi akaenda kuniletea maji.

Kazi karibu inakwisha. Watu watakaoiona wataniita au hawataniita, na kama nilivyokwambia, moyo hautulii. Najiuliza kama ile taa ya jikoni iko chini mno. Najiuliza kama aliyesoma angeacha rafu ya vikombe ilipo, chini vile kwa kimo cha Mama, au angeiinua. Mimi nimeiacha, halafu kila nikipita naiona kama nimekosea. Lakini hayo ni ya kurekebisha kwa misumari. Ninachoogopa ni wewe. Nyumba ikiharibika nitaitengeneza tena, ila ukikataa kuingia ndani milele kwa sababu ya mikono yangu, hakuna fundi wa kumwita.

Chumba kimoja sijakigusa, nacho ni chako. Huyo mama mpishi alinikataza. Alisema chumba cha mtoto wa kiume wa nyumba hakipangwi na mtu kabla mwenyewe hajasema. Nguo za Mama nimeziweka humo, kitandani kwako, na mlango nimeufunga. Mchoro wa nyumba nzima umekamilika, isipokuwa pale mahali pako ambapo karatasi bado ni nyeupe, na Baba kila siku anapatazama hapo.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Sikuombi hata umpende mtu. Nakuuliza kama ninavyomwuliza mteja, kwa sababu nisipouliza nakosea, na nimeshaona nikikosea inakuwaje. Nani atalala katika chumba kile, kaka? Ni wewe na wifi na watoto mkija, au nikifanye stoo? Fundi rangi yupo mpaka mwisho wa wiki ijayo. Nijibu rangi tu. Usiandike kitu kingine kama hutaki, andika rangi, nitaelewa.

Nisalimie wifi, mwambie dawa ya goti ile ya kuchua inauzwa huku kama inahitajika. Watoto wabusu mmoja mmoja. Baba anakusalimu. Hajui kwamba nimekuandikia, lakini nilipomwambia naenda posta aliniuliza kama nina stempu za kutosha.

Nabaki kuisubiri rangi yako,

Mdogo wako,
Kiherehere