Kisiwa Nilichokikana

Busia, upande wa Kenya

Mama yangu mpenzi,

Mlio wa kioo kikisagika chini ya buti haujanitoka masikioni tangu nirudi huku, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia. Shikamoo, Mama. Ganzi ya miguu imepungua? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Unakumbuka nilipokueleza neno insulini? Limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa, kwa kuwa mwili huitengeneza ndani ya kongosho, katika vikundi vidogo vya seli vilivyojitenga kama visiwa ziwani. Ukacheka: "Kumbe nina visiwa tumboni! Na samaki ngege wamo?" Shangazi akadakia, "Wangekuwamo ungechomwa sindano za nini, wifi?"

Sikukumalizia. Wataalamu waliipa jina hilo kabla hawajaipata. Walijua tu lazima ipo. Mimi nilikuwa nayo kikapuni, Mama, siku ile nilipokuja. Nilikudanganya kwamba hospitali ya huku iliishiwa.

Kwenye kizuizi cha barabarani, nilipovuka mpaka, askari walimwaga vikapu vyetu vyote juu ya turubai moja. Mwanamke aliyenitangulia alikutwa na sabuni. Wakasema ni magendo, wakampandisha lori. Kisha mmoja akainua chupa zako mbili.

"Hii ya nani?"

"Si yangu, afande."

"Kama hapana yako, basi hapana ya mtu."

Akaziangusha, akazikanyaga.

Nilipofika Tororo ulikuwa umeshalowesha mchanga chini ya mtungi, mahali pa kuzilaza zisipate joto. Ukanifariji wewe: "Si kosa lako, mwanangu." Ukaanza kujichoma nusu ya kipimo, ile iliyobaki isiishe upesi. Nami nikala wali wako.

Chuo nimeacha. Juzi nilirudisha ufunguo wa bweni, sasa nafunga vidonda katika zahanati hapa mpakani, karibu nawe. Aliyekuletea barua hii ni Mama Nekesa, muuza samaki wa Majanji, kule ziwani. Chupa mbili zimo chunguni mwake, ndani ya mchanga mbichi. Rudi kwenye kipimo kizima leo hii. Barua ukishaisoma, ichome.

Nisalimie Shangazi mcheshi wetu, na Bibi asiyechoka kuniombea.

Mama Nekesa aliniuliza, "Wakinishika, niseme za nani?" Nikachukua kalamu, nikaandika jina langu kamili juu ya kila chupa.

Ni mimi bintiyo, ninayekuomba radhi,
Mwanaidi