Chujio la Samaki wa Saada

Shoga yangu Saada,

Barua tulizofundishwa skuli zilianza kwa kusema mimi mzima, wasiwasi ni juu yako uliye mbali. Mimi mzima, isipokuwa lile jino la nyuma uliloniambia niling'oe tangu mwezi wa Mfungo Tatu. Wasiwasi juu yako sina tena, uko kwa aliyekupenda kuliko sisi. Wasiwasi wangu miezi hii yote umekuwa juu ya samaki wako, na leo nimeacha kanzu ya watu cherehanini nikuandikie habari zao. Usicheke. Au cheka tu, maana kicheko chako ndicho kilichonipotea zaidi.

Uliponishika mkono ukasema, "Zuhura, nakuachia mama na samaki," nilidhani mama ndiye mzigo na samaki ni mchezo. Kumbe umeniachia amana moja.

Arobaini yako ilipopita, wageni walirudi makwao na Bi Rukia, mamako, akabaki mkekani uani mbele ya birika, lile la kujengewa la kuwekea maji. Kila asubuhi alikuwa akiwahesabu wale samaki waliomo. "Saba," anasema, na hilo ndilo neno lake la siku nzima. Chai inapoa, mkate unaliwa na paka. Nilikuwa nikimtazama nikiwaza kuwa mjane amewekewa eda, ina mwanzo na mwisho, na watu wanajua siku ya kumtoa. Mama aliyezika mtoto wake hupewa siku tatu, kisha anaambiwa ashukuru Mungu. Mamako hakujua atoke lini, basi hakutoka.

Halafu birika likapasuka. Waashi wakasema maji yanaingia ukutani, na ukuta wa mawe na chokaa ukishalewa maji hauna urafiki na mtu, lazima likaushwe kabla ya Ijumaa. Wale samaki tuliwavua pamoja mferejini Bububu, mwaka ule baada ya Mapinduzi, kwa pindo la buibui lako jipya, na mamako akatugombeza mpaka alipoona wanavyowala viluwiluwi vya mbu birikani. Hawa waliopo ni wajukuu wa wale. Wakifa, nitamwambia nini Bi Rukia asubuhi atakapotaka kuhesabu?

Niliwatia kwenye beseni la kufulia, nikakimbilia kwa Fundi Hamadi, yule anayetia picha fremu. Akaniundia tangi la vioo na vyuma vya pembe, puti ya kugandishia vioo imemjaa mpaka kwenye kope. Tukaliweka ukumbini juu ya sanduku lako la nguo. Lilipendeza! Nikajua kazi imekwisha. Si ulikuwa ukiniambia, "Zuhura, wewe ukishaona pindo unadhani kanzu imekwisha"?

Siku ya tatu maji yalikuwa kama supu ya pweza. Birikani tulikuwa tukichota na kujaza kutwa kucha, kumbe tulikuwa tukiwasafishia nyumba bila kujua. Tangini maji yamekaa tu na uchafu wao. Lilitakiwa chujio, tena la kuaminika, na mimi najua kuchagua vitambaa, si machujio.

Ungesikia ushauri niliopewa! Kila mwanamume wa mtaani alikuwa mtaalamu. Jirani yetu kaka Suleimani, huyu wa bandarini Malindi, akaja na kimashine cha umeme alichokipata kwa baharia: kisanduku cha plastiki chenye pamba ndani, na mpira wa kupulizia hewa. "Hili ndilo chujio, dada. La Ulaya hili." Kwa kweli lilichuja. Lilivuma kama nyuki aliyefungiwa kopo, lakini maji yaling'aa siku nne. Siku ya tano umeme ukakatika tangu asubuhi. Adhuhuri samaki wote saba wako juu, midomo nje, wanatweta. Bi Rukia anawatazama huku akisokota ncha ya kanga yake. Nikauchomoa mpira, nikautia mdomoni, nikapuliza mwenyewe mpaka ukumbi ukanizunguka. Fundi cherehani mzima, nimepiga magoti mbele ya sanduku lako nawapulizia samaki! Umeme uliporudi alasiri nilikuwa nimelala chali sakafuni.

Nikasema basi, nitafanya kama bibi zetu walivyochuja maji ya kisima. Mtungi uliotobolewa chini, mchanga, makaa juu ya mchanga, na kitu laini cha kuzuia taka. Maji unayatia juu, yanadondoka tone tone yakirudi tangini. Mtungi nilikuwa nao. Mchanga niliuchukua pwani, nikausuuza mara moja. Kitu laini nikatoa usufi kwenye mto, nao ukaelea na kujaa mdomoni mwa mtungi. Na makaa, shoga, hapo ndipo nilipojimaliza. Madukani siku hizi unajua kulivyo, kutafuta makaa mazuri ni safari. Nikayaona ya chetezoni, makavu, yamekwisha kuvunjika vidogo vidogo. Nikayatia.

Makaa yaliyokwisha kulewa mafuta ya udi! Haikufika alasiri, juu ya maji kumetanda utando unaometameta, na ukumbi wote unanukia kama chumba cha fungate. Chini ya utando ule yupo yule dume wa mkia wa rangi, ubavu juu. Bwana Harusi, mume wa yule mnene uliyemwita Bibi Harusi.

Nitakwambia ukweli kwa kuwa huwezi kunigombeza. Niliwarudisha waliobaki kwenye beseni la maji safi, maiti nikamkunja ndani ya kipande cha bafta, nikavaa buibui niende Bububu kutafuta mwingine wa mkia kama ule kabla mamako hajaamka usingizi wa mchana. Nimefika mlangoni, namsikia nyuma yangu.

"Sita."

Sikugeuka.

"Zuhura. Yuko wapi mumewe?"

Nikamwonyesha kitambaa. Nikalia kwa kwikwi, nikamwambia yote, usufi, mchanga, chetezo. Nilikuwa namlilia samaki, halafu nikawa nakulilia wewe, na sijui nilivuka wapi. Bi Rukia aliinama tangini akanusa. Akanusa tena.

"Makaa ya chetezo? Umewatilia samaki udi? Walikuwa wanakwenda harusi ya nani?"

Nikamtazama. Mdomo wake ulikuwa unacheza pembeni, kama wako.

"Haya, yashakuwa," akasema. "Na huyu mjane naye akae eda."

Tulicheka, Saada. Tulicheka tukashikana, tukalia, tukacheka tena, hata kaka Suleimani akaja kubisha hodi kuuliza kuna nini. Kisha mamako akakunja mikono ya kanzu na kunifukuza kwenye mtungi wangu. Akachoma vifuu vya nazi mwenyewe, akavizima, akaviponda na kuviosha. Mchanga akauosha maji saba, ya saba yakatoka meupe. Usufi akautupa, akaweka usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, aliouchambua kwa vidole. Tangi tukalisugua kwa majivu na kulisuuza mpaka mikono ikatuuma.

Likabaki jambo moja. Mtungi haujijazi. Lazima mtu achote maji ya tangini kwa kata na kuyapandisha juu, kutwa, kila siku. Nikauliza itakuwaje, mie mchana kutwa niko cherehanini.

"Mimi nna kazi gani?" akasema.

Tangu siku ile, kila akimaliza kusali anakunja msala, anashika kata. Mara tano kwa siku, kata ishirini. Kaka Suleimani alijaribu kumshawishi arudie kimashine, eti mashine haichoki. Unamjua mamako. "Suleimani mwanangu, umeme hukatika. Adhana nshaisikia miaka sitini, haijakatika hata siku moja." Suleimani akakichukua kimashine chake akaenda nacho.

Kwa hiyo ukiniuliza chujio gani la kuaminika, nitakwambia ni mamako na kata. Akiwa amesimama anachota, anaona vumbi dirishani, analifuta. Akilifuta anaona njiani kapita muuza ndizi, anamwita. Wiki iliyopita alinigombeza mchuzi wangu hauna ndimu. Nilifurahi nusura nimbusu, nikajizuia asije akaacha kunigombeza.

Nilikuwa na siri moja. Bibi Harusi alianza kuvimba tumbo. Nilijua ni udi wangu umemdhuru, na siku yoyote hesabu itashuka kuwa tano. Kila asubuhi nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza. "Sita." Nashusha pumzi, nakwenda kushona.

Leo asubuhi hakusema sita. Halafu, "Zuhura! Zuhura, njoo!" Nikakurupuka na pini mdomoni. Nikamkuta amegandisha pua kwenye kioo, kidole kinakimbia.

"Kumi na nane, kumi na tisa... hebu tulia, we mtoto! Ushanichanganya."

Macho tu na vikia, Saada, wamejificha pembeni pale matone yanapoangukia. Kimashine cha kaka Suleimani kingewafyonza wote kisijue. Mamako alinyanyuka, akajifuta uso kwa kanga.

"Mwenye mimba eda yake ni kuzaa," akasema. "Keshazaa. Eda imekwisha."

Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa zile kanga ulizomnunulia Idi iliyopita, zile alizosema ni za kijana, hazijawahi kufunguliwa. Zimemkaa vizuri sana. Amekwenda Mkunazini kumwambia dadake.

Kwaheri, shoga yangu. Mungu akupe kivuli na maji safi huko uliko. Nakuahidi siku mkono wake utakapochoka, kata nitaishika mimi, na baada yangu nitatafuta mtu anayesali. Jino nitaling'oa Jumatatu, inshallah. Hesabu ya samaki tu ndiyo siwezi kukupa sasa hivi, kwa kuwa mamako kasema nisikuandikie idadi mpaka arudi, hajamaliza kuhesabu.

Wako, Zuhura